Ukiachia mafuta, gari linatikisa kichwa

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na wengine wenu mmeshaanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Uriri, na kwa wiki sita niliandika programu kidogo sana. Muda mwingi nilikuwa chini ya gari.

Kwa hiyo leo hakuna seva wala hifadhidata. Leo ni habari ya gari. Lakini usiondoke kwanza, kwa sababu kosa nililolifanya huko ni lile lile ninalolifanya kazini, na huenda nawe unalifanya.

Haya, tuanze na gari lenyewe. Ni Mazda RX-8 ya mwaka 2006, gia sita za mkono. Nililinunua Nairobi mwaka 2021 kutoka kwa mtu aliyekuwa amelichoka, kwa bei ambayo isingeninunulia Probox. Watu hawalitaki gari hili, na sababu ni moja tu: injini ya rotari.

Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka. Ya rotari haina pistoni hata moja. Ndani yake kuna rota, chuma chenye pembe tatu na mbavu zilizovimba (fikiria sambusa iliyojaa nyama), kinachozunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga mbili. Kila upande wa sambusa hiyo unavuta hewa na petroli, unabana, unalipua, kisha unatoa moshi, huku rota ikiendelea kuzunguka tu. Aliyeibuni ni Mjerumani Felix Wankel. Kampuni ya NSU iliitia kwenye gari la kuuzwa mwaka 1964, kisha Mazda wakaipenda zaidi ya mtu yeyote: kuanzia Cosmo Sport ya mwaka 1967, hadi gari la 787B lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991, hadi RX-8 ilipoacha kutengenezwa mwaka 2012. Mwaka 2023 waliirudisha ndani ya MX-30, safari hii kama jenereta ya kuchaji betri.

Yangu ina rota mbili, kila moja sentimita za ujazo 654. Jumla ni 1308. Ndiyo maana nikisema "ni 1300" vijana wa bodaboda hucheka na kuniuliza kama nimenunua Vitz.

Sasa, tatizo.

Mwezi wa pili mwaka huu mama yangu alifanyiwa upasuaji wa mgongo. Daktari akaagiza mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, na mtaalamu aliyepatikana yuko Kisii. Matatu haikuwezekana, kwa sababu alitakiwa kukaa kiti kilicholazwa kidogo, bila kubanwa. Mimi nafanya kazi kupitia mtandao, kwa hiyo nikabeba kompyuta yangu, nikaja nyumbani, na gari lililokuwepo likawa hilo la sambusa mbili.

Safari ya kwanza nilijivunia jinsi nilivyoendesha taratibu. Tulipofika Kisii mama alikuwa ameuma midomo. Nikamwambia pole, barabara hii ina matuta mengi. Akaniangalia akasema:

"Matuta si shida, nyathina. Tuta naliona likija, najishika. Kinachoniumiza ni pale unapoacha kukanyaga. Hapo gari linatikisa kichwa kama mtu anayesinzia kanisani."

Wasomaji, soma maneno hayo tena. Amesema ni lini linatokea, amesema ni lini halitokei, na ameeleza linavyokuwa. Nimefanya kazi na wateja wenye digrii tatu ambao hawajawahi kunipa ripoti ya hitilafu iliyonyooka hivyo. Na mimi nilifanya nini? Nilisikia "gari linatikisika", nikaacha yaliyobaki.

Mnaoijua barabara kuu ya kutoka Migori kwenda Kisii mnaelewa maana yake. Kutoka Uriri unapita Awendo kwenye kiwanda cha sukari, unapita Rongo, na kila kituo kina matuta yake. Katikati unakuta trekta limevuta matela ya miwa likienda mwendo wa ng'ombe. Kwa hiyo unaachia mafuta mara nyingi kuliko unavyokanyaga. Na kila nilipoachia, mgongo wa mama ulilipa.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa ile ya mtu wa kompyuta. Nina kifaa kidogo cha ELM327, unakichomeka chini ya usukani, kinatuma data kwa simu kupitia Bluetooth. Nikasoma misimbo ya hitilafu: hakuna hata mmoja. Nikarekodi mizunguko ya injini, mwendo, hewa inayoingia na kiasi ambacho kilango cha hewa kimefunguka. Nikachora grafu. Mstari ulishuka laini kama mafuta.

Nikarudi kwa mama na grafu yangu nikamwambia gari liko sawa, ni barabara. Hakubishana. Alisema "haya" tu. Hiyo "haya" bado inanisumbua hadi leo.

Hatua ya pili ilikuwa kutafuta ushauri mtandaoni. Huko nilikuta majibu mengi, na karibu yote yalisema: rotari ndivyo zilivyo, zote huruka ukiachia mafuta, zoea. Wengine walisema koili zimechoka, badilisha. Nikaagiza koili nne na plagi nne (kila rota ina plagi mbili, na hizo mbili si sawa, usizichanganye). Gari likavuta vizuri zaidi kupanda mlima. Ukiachia mafuta, kichwa kile kile.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonitia hofu. Nikalipeleka kwenye gereji moja ya mji wa jirani. Walifungua boneti, wakaona ni rotari, wakafunga boneti. Injini imekufa, wakasema, hizi huwa hazikai. Suluhisho lao lilikuwa kuing'oa na kuweka injini ya Toyota. Shilingi 180,000, nusu mbele.

Pesa hizo nilikuwa nazo. Lakini zilikuwa ndizo pesa za mazoezi ya mama hadi mwisho wa mwaka. Nilikaa na simu mkononi usiku ule nikihesabu: nikilipa, mama atasafiri vizuri kwenda kwenye matibabu ambayo siwezi tena kuyalipia. Nisipolipa, atatibiwa mgongo Kisii na kuumizwa tena njiani kurudi. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa kukubali. Betri ya simu iliisha kabla sijautuma, na hiyo ndiyo sababu pekee, si busara yangu.

Asubuhi binamu yangu akaniambia, kabla ya kutoa pesa yote hiyo, si umwone yule mzee wa matrekta?

Mzee huyu hutengeneza matrekta na matela ya miwa hapo kituoni Uriri, chini ya mti, na watu wote humwita Fundi. Nilipomwambia injini haina pistoni alidhani ninamtania. Nikamchorea kwenye vumbi. Akatazama mchoro kwa muda, akasema:

"Kijana yangu, injini hii siijui. Kwa hiyo tusianze nayo. Tuanze na vitu ninavyovijua."

Kisha akaniuliza maswali manne. Likiwa linatikisika, ukikanyaga klachi linaendelea ama linanyamaza? (Linanyamaza papo hapo.) Likisimama bila gia, injini inaunguruma sawasawa? (Sawasawa.) Likiwa la moto, ukilizima na kuliwasha, linawaka? (Linawaka mara moja.) Mlimani lina nguvu? (Linazo.)

"Basi hiyo si maiti," akasema.

Nilitaka uhakika, kwa hiyo tulipima mgandamizo. Kipimo maalumu cha rotari huonyesha kila upande wa rota peke yake. Hatukuwa nacho. Kipimo cha kawaida hushika tu pigo lililo kubwa kuliko yote, kwa hiyo upande mmoja ukiwa mbovu unaweza usijue. Lakini ukitoa kivalvu kidogo kinachozuia hewa kurudi, sindano inaruka kwa kila pigo, na unaweza kuona kama mapigo matatu yanalingana. Tulichomoa koili, nikakanyaga mafuta hadi chini ili kompyuta ya gari ikate petroli, nikazungusha stata. Puf, puf, puf. Sindano iliruka kimo kile kile, rota zote mbili. Hakikuwa kipimo cha maabara, lakini rota yenye upande uliokufa ingejionyesha.

Hapo ndipo nilipoketi nikasoma vizuri yale majibu ya mtandaoni, na nikaona aibu. Karibu yote yalikuwa ya RX-7. Katika injini zile za zamani, tundu la kutolea moshi liko kwenye ukuta wa nje wa chumba, na kuna kipindi ambapo tundu la moshi na la hewa yamefunguka pamoja. Ukiachia mafuta, moshi uliokwisha kuungua unarudi ndani na kuchanganyika na hewa mpya, basi injini inawaka mara moja na kukosa mara nyingine. Hizo kweli huruka. Lakini injini ya RX-8, ile waliyoiita Renesis, matundu yake ya moshi yamehamishiwa ubavuni, na kule kufunguka kwa pamoja kumeondolewa. Nilikuwa nimesoma mwongozo wa toleo la zamani na kuutumia kwenye toleo jipya! Ni mara ngapi nimemcheka mwenzangu kazini kwa jambo hilo hilo?

Fundi hakuyajali hayo yote. Alifungua boneti, akaniambia niwashe, nishike breki sana, nitie gia ya kwanza, niachie klachi kidogo tu hadi gari litake kwenda. Kisha nitie ya nyuma, nifanye hivyo hivyo. Binamu akashika usukani badala yangu ili nami nije nione.

Injini iliinuka upande mmoja kama mbuzi anayetaka kuruka ua, kisha ikajirusha chini.

"Mauntingi," akasema Fundi. Ni vile vipande vya mpira vinavyoibeba injini juu ya chesisi. Za gari hili zina maji ndani ya kumeza mtikisiko, na ile ya upande wa ekzosi, iliyochomwa na joto kwa miaka, ilikuwa imepasuka na maji yamemwagika zamani.

Hapa naomba nieleze kinachotokea, kwa sababu ndiyo sehemu niliyoipenda. Unapokanyaga mafuta, injini inasukuma gari. Unapoachia, mambo yanageuka: gari ndilo linasukuma injini. Kompyuta inakata petroli, na mizunguko ikishuka karibu na ile ya kusimama, inairudisha. Kila mgeuko ni kama kupindua kitambaa unachokamua. Katika RX-8, gia boksi na difu zimeunganishwa kwa fremu moja ndefu, kwa hiyo injini, gia boksi na difu ni kama boriti moja. Mbele inakaa juu ya mauntingi mbili. Moja ikifa, boriti inajipinda, inarudi, inajipinda tena. Na mguu wangu je? Nao unatikiswa na gari, unagusa mafuta na kuyaachia kwa mdundo ule ule. Nilikuwa nachochea ngoma mwenyewe.

Lakini kwa nini grafu yangu haikuona? Hili nililijua siku ile ile. Kifaa changu huuliza jambo moja baada ya jingine, na kwa mambo manne nilikuwa napata vipimo kama 3 tu kwa sekunde. Mtikisiko ulikuwa kama mara 4 kwa sekunde. Mpige picha mtoto anayebembea kila anaporudi pale pale: picha zote zitasema ametulia. Kanuni ya Nyquist, niliyoijibu kwenye mtihani chuoni na kupata alama zote, inasema lazima upime zaidi ya mara mbili ya kasi ya kitu unachokitafuta. Nilikuwa na digrii, nilikuwa na grafu, na mama alikuwa na uti wa mgongo. Uti wa mgongo ulipima kwa kasi zaidi.

Safari hii nilifunga simu kwenye dashibodi na kurekodi kihisi chake cha mwendo, vipimo 100 kwa sekunde. Ukiachia mafuta kwenye gia ya pili, mawimbi yalionekana wazi, na yalichukua karibu sekunde mbili kufa.

Fundi naye hakutaka ninunue kitu kabla ya kuhakikisha. (Baada ya zile koili, nami sikutaka.) Alikata kipande cha tairi kuukuu la trekta, akainua injini kwa jeki juu ya ubao, akakichomeka pale penye mpira uliokufa. Cha muda tu, alisema, joto litakiyeyusha. Tukaenda hadi Awendo na kurudi. Mawimbi yalikufa kwa nusu sekunde. Gharama ya jaribio: soda mbili.

Rafiki yangu Nairobi akapitia maduka ya spea ya Kirinyaga Road, akapata mauntingi mbili, akazituma kwa basi. Shilingi 14,000, pamoja na nauli ya mzigo. Fundi alizifunga kwa asubuhi moja. Kwa kuwa tulikuwa tumechomoa betri, nilifanya ile ibada ya RX-8: unafungua swichi bila kuwasha injini, unakanyaga breki mara 20 ndani ya sekunde 8, sindano ya oili inacheza, na kompyuta inafuta ilichokariri kuhusu kihisi cha mzunguko wa shafti ili ijifunze upya. Fundi alisimama akinitazama nikikanyaga kama mtu aliyeona nyoka. "Na hii nayo mlijifunza chuo?" akauliza.

Kwa wale wenye gari la gia za mkono linaloruka ukiachia mafuta, huu ndio mpangilio ambao ningeufuata leo:

1. Likiruka, kanyaga klachi. Likinyamaza, achana na magurudumu na breki. Tafuta kati ya injini na difu.
2. Soma misimbo, lakini usichukulie kukosekana kwake kuwa cheti cha afya.
3. Fanya jaribio la gia ya kwanza na ya nyuma ukiwa umeshika breki, mtu mwingine akitazama injini akiwa kando, si mbele wala nyuma ya gari. Ni bure.
4. Angalia mabomba ya hewa yaliyopasuka, na safisha kihisi cha hewa kwa dawa yake.
5. Ndipo uje kwenye plagi na koili.
6. Kwa rotari, pima mgandamizo kabla ya kumruhusu mtu yeyote aseme neno "imekufa".
7. Angalia mguu wako. Achia mafuta polepole, na kanyaga klachi kabla petroli haijarudishwa.

Ya saba niliongeza kwa sababu ya mama. Baada ya mauntingi mpya alisema, "Sasa limebaki moja tu, mwishoni, kabla hujasimama." Ni pale petroli inaporudi. Safari hii sikumletea grafu. Nilibadilisha mguu.

Sasa lile kosa nililolitaja mwanzoni. Gari hili lina kitu kimoja cha ajabu, na kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza, alikiangalia hicho. Mtandao ulisema rotari. Gereji ilisema rotari. Mimi mwenyewe nilinunua koili kwa sababu nilikuwa nimesoma habari za rotari. Kilichoharibika ni kipande cha mpira, kitu kilichomo hata kwenye Probox ya muuza mayai. Kabla sijaja nyumbani, kazini nilikaa siku tatu nikiilaumu maktaba mpya ya programu tuliyoiweka, hata nikaandika barua ndefu ya kutaka iondolewe. Diski ilikuwa imejaa. Kitu kigeni hakina wa kukitetea, basi kinabeba lawama za kijiji kizima.

Fundi hakuijua rotari, na hilo ndilo lililomsaidia. Hakuwa na cha kuilaumu.

Alhamisi iliyopita tulitoka Kisii jioni. Tulipopita Rongo nilimwuliza mama jambo fulani, hakujibu. Nikageuka haraka kwa hofu. Alikuwa amelala, kichwa kimeinama, kinatikisika kidogo kidogo kama mtu anayesinzia kanisani. Nikaachia mafuta taratibu, tukapita tuta, hakuamka.

Haya, kesho narudi kwenye seva. Mbaki salama.